Ningekuwa Mimi

Mtaani walimwita Bi Shoka, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini. Ulimi wake ulikuwa wa kupasua magogo. Huko kwao, kabla vita haijawatimua, mwenye duka aliyezoea kupunja alikuwa akimwona tu anakatiza uwanjani, anaongeza kipimo mwenyewe bila kuambiwa. Ukimbizini alifika na mwanawe wa kiume, mkwewe, na ulimi huo. Vingine vyote viliishia njiani.

Walikaa watatu katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mwanawe alikuwa kibarua wa barabara. Kazi ilimpeleka mbali, akawa anarudi mwisho wa juma tu, ana lami mpaka kwenye kope. Bi Shoka mwenyewe alifua kwa dobi mkubwa aliyechukua shuka za mahoteli. Mkwe ndiye aliyebaki nyumbani, na tangu mtoto alipokufa, hata kule kubaki kulikuwa kosa.

Habari ya mtoto ni fupi. Mimba ilikuwa ya miezi saba. Siku moja ya kazi, mume yuko barabarani na mama mkwe yuko kwenye mapipa ya sabuni, mkwe akashikwa na uchungu usio wa wakati wake, na damu ikafuata. Akajikokota peke yake mpaka hospitali ya mtaa. Pale dirisha la mapokezi akaambiwa alete karatasi ambayo hakuwa nayo, akae kwenye benchi, ataitwa. Akakaa. Alipokuja kuitwa, mtoto alikuwa ameshafia tumboni. Alikuwa wa kiume, na tayari alishawekewa jina la babu yake, marehemu mume wa Bi Shoka.

Bi Shoka alipofika hospitali jioni, mikono bado inanuka sabuni, hakumkumbatia mkwewe. Hakumpa hata pole. Alisubiri mpaka wamerudi nyumbani, majirani wamejaa koridoni kuja kuhani, ndipo akamgeukia.

"Ulikaa?" akamwuliza. "Damu inakutoka, na wewe umekaa kama mzigo unaongoja gari? Mdomo Mungu alikupa wa kulia tu? Ningekuwa mimi, pale dirishani pangewaka moto!"

Majirani wakatazama sakafu. Mkwe akaingia nyuma ya pazia.

Basi yale maneno yakahamia chumbani, yakawa kama mpangaji wa nne. Chumvi ikizidi kwenye mchuzi: ningekuwa mimi. Mwenye nyumba akija kufoka juu ya maji: ningekuwa mimi. Mkwe naye akajenga ukuta wake. Aliacha kumwita Bi Shoka "mama." Hakumwita chochote. Chakula kikiiva alilitangazia pazia: "Chakula kipo." Mume akija mwisho wa juma, anamkuta mama amenuna upande huu na mke amenuna upande ule, na yeye katikati anakula kichwa chini kama mtu aliyeiba. Alipojaribu kusema, "Mama, basi," alijibiwa kwamba na yeye ni walewale, na hakurudia tena.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa nyumba siku Mtafiti alipobisha hodi.

Alikuwa mwanamke kijana wa chuo kikuu, mwenyeji wa mji ule, ambaye lugha ya wakimbizi alijifunza vitabuni. Akizungumza, ungedhani redio inasoma taarifa ya habari. Alivaa viatu vya kutembelea mbali na begani alining'iniza mfuko wenye kinasa sauti.

"Naomba radhi kwa kuwasumbua katika makazi yenu," alisema.

"Makazi haya ni chumba," akasema Bi Shoka. "Na ukishajua umetusumbua, mlango ni huohuo uliojia."

Mtafiti akacheka, akidhani ni utani. Bi Shoka hakucheka.

"Sikuja na maswali, mama. Najua mmechoka kuulizwa maswali. Mimi nafanya utafiti kwa njia ya maigizo. Tunakutana ukumbini, nyuma ya soko. Watu wanaleta mambo yaliyowapata hapa mjini, hospitalini, kazini, kwa wenye nyumba, na tunayaigiza. Halafu watazamaji wanaruhusiwa kuingia. Ukiona mtu anaonewa na unadhani ungefanya vingine, unasema 'Simama!' Mchezo unasimama. Wewe unachukua nafasi yake, unajaribu. Sote tunajifunza."

"Na wewe unajifunza nini?"

"Kinachomzuia mtu asipate haki yake."

"Kinachomzuia ni nyinyi," Bi Shoka akamwambia. "Haya, umeshajifunza. Nenda ukapewe cheti."

Uso wa yule binti ukawaka. Akajaribu tena, akasema mambo ya heshima na siri na hiari, Bi Shoka akamkata katikati.

"Mwanangu, mimi watoto wangu nimewazika wanne, na mjukuu wa tano. Leo unaniambia nije ukumbini tucheze? Mtu mzima mwenye matiti yake anacheza? Toka. Kacheze na wenzio."

Akamfungia mlango, na mfuko wa kinasa sauti ukabanwa na mlango, ikabidi aufungue tena ili aufunge vizuri zaidi. Alirudi kwenye viazi vyake ameridhika. Hakumwona mkwewe aliyekuwa amesimama nyuma ya pazia, anasikiliza kila neno.

Jumamosi iliyofuata mkwe akaoga mapema, akafunga kitambaa. "Kuna darasa," alilitangazia pazia, akatoka. Jumamosi iliyofuata, tena. Bi Shoka akaona ni afadhali; angalau chumba kinapumua. Akadhani ni darasa la lugha ya wenyeji, ambayo mkwe alikuwa ameishika upesi kuliko wao wote. Bi Shoka mwenyewe hakuijua lugha hiyo ila ile ya kazini: shuka, doa, maji ya moto, sabuni, kamua, haraka, kesho. Mengine aliyamaliza kwa kidole na kwa macho, na hakuona kama amepungukiwa.

Miezi ikapita. Mvua zikaja, zikaisha. Halafu siku moja, Jumamosi, kazini, mwanamke aliyekuwa akipiga pasi meza ya pili, mkimbizi mwenzake, akamsogelea na sura ya msibani.

"Pole, Bi Shoka."

"Pole ya nini?"

"Eh! Kumbe hujui? Leo ukumbini wanaonyesha ule mchezo wao. Wa mjukuu wako. Wamealika mpaka watu wa hospitali." Akapunguza sauti, ila si sana. "Na wewe umo. Kinyozi ndiye anayekuigiza. Watu wanasema amekupatia mpaka mwendo."

Bi Shoka aliiweka chini shuka aliyokuwa anaikamua. Hakuuliza swali la pili. Alivua aproni ya mpira, akaitupa juu ya kikapu, na msimamizi alipomfokea kwa lugha ya wenyeji, akamjibu "Kesho!" bila kugeuka.

Njiani alikuwa akichemka. Msiba wake! Msiba wa damu yake, umegeuzwa kichekesho cha Kinyozi, mtu ambaye hata nywele hajui kunyoa, anawaacha watoto wa watu na vichwa kama mashamba yaliyopitiwa na ngedere. Na yule Mtafiti mwizi! Amekataliwa mlangoni, akazunguka akaingilia dirishani. Atamjua leo.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Ulikuwa chumba kirefu chenye viti vya plastiki na mwangwi mbaya. Mbele hapakuwa na jukwaa, ila eneo lililochorwa kwa chaki. Mstari wa kwanza walikaa watu wa hospitali katika sare zao. Nyuma yao wakimbizi na wenyeji, kila kundi upande wake kama wakwe wasioelewana. Mtafiti alisimama kando na kipaza sauti, anatafsiri huku na huku.

Na katikati ya ile chaki alikuwapo Bi Shoka.

Kinyozi alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, amejaza nguo kiunoni, mkono mmoja nyongani. Mbele yake, kwenye kigoda, alikaa msusi wa mtaani aliyeigiza mkwe. Mto aliokuwa amejifunga tumboni sasa alikuwa ameupakata mapajani, tumbo tupu.

"Ulikaa?" Kinyozi alipayuka. "Damu inakutoka, na wewe umekaa kama mzigo unaongoja gari? Ningekuwa mimi, pale dirishani pangewaka moto!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kilikuwa kicheko cha watu wanaomjua mtu, na hicho ndicho kinachouma.

"Simama!" Bi Shoka alipiga kelele kutoka mlangoni.

Alitaka kusema tu waache. Lakini neno lilikuwa ndilo lile la mchezo. Kinyozi akaganda mkono nyongani. Msusi akaganda. Vichwa vyote vikageuka, na Mtafiti, kabla hajatambua ni nani, akasema kwa furaha kwenye kipaza sauti: "Karibu, mama! Unachukua nafasi ya nani?"

"Sichukui nafasi ya mtu! Nakuja kuchukua msiba wangu mlioniibia!" Alikuwa anapita katikati ya viti, watu wanavuta miguu. "Nani kawapa ruhusa? Wewe mwenye begi, nilikufukuza kwangu au sikukufukuza?"

Mtafiti alipomtambua, kipaza sauti kilimshuka mkononi. "Mama, mimi sikuchukua... Aliyeleta habari hii ni..."

Hakumalizia, ila jicho lake lilimponyoka likaenda mstari wa mwisho. Bi Shoka akalifuata. Mkwewe alikuwa ameketi pale, mgongo umenyooka, mikono mapajani. Hakujificha. Walitazamana.

Kinyozi ndiye aliyeingilia. Alikuwa mtu ambaye hawezi kuacha mzaha ukaenda bure, hata kama nyumba inaungua.

"Bi Shoka mwenyewe huyu hapa," aliwaambia watu. "Jamani, si amesema pangewaka moto? Basi dirisha lipo, kiberiti kipo. Aingie awashe!"

"Aingie!" mtu akaitikia nyuma. "Aingie! Aingie!" ukumbi wote ukashika, na makofi.

Sasa, mtu mwingine angetukana akaondoka. Lakini Bi Shoka hakuzaliwa mtu wa kukataa ugomvi mbele za watu. Akaingia ndani ya chaki.

"Lete hilo dirisha," akasema.

Wakaleta fremu ya mbao iliyong'olewa kwenye kabati. Kinyozi akavua kitambaa cha kichwani, akavaa miwani mikubwa, akaketi nyuma ya fremu: kwa miwani tu alishakuwa karani wa mapokezi. Msusi akaurudisha mto tumboni, akajikunja kwenye benchi, akaanza kuugulia. Aliugulia vizuri mno. 

"Anza," alisema Mtafiti kwa sauti ndogo.

Bi Shoka akaligonga dirisha. "Wewe! Inua kichwa! Huyu mtoto anatokwa na damu, na nyinyi mmekaa mnakunywa chai? Mwite daktari sasa hivi, au nitaling'oa dirisha hili nikuvike shingoni!"

Wakimbizi wakashangilia. Kinyozi aliinua kichwa polepole, akamtazama juu ya miwani, halafu akasema kwa lugha ya wenyeji, maneno yametenganishwa kama ya kumfundishia mtoto:

"Lugha hiyo hapa haipo. Sema ya hapa."



Bi Shoka alifungua mdomo. Aliyokuwa nayo yalikuwa mengi, yamejaa mpaka kooni, na hakuna hata moja lililokuwa na mlango wa kutokea. Alitafuta. Alitafuta neno la "anakufa," hakulijua. Alitafuta "mjukuu," hakulijua. "Mkwe wangu," hakulijua. Mtaani hapo alikuwa ameishi miaka, na hakuwahi kujifunza kusema mtu ni nani wake.

"Shuka," alisema mwishowe. Akaonyesha benchi. "Doa. Doa kubwa. Doa... haraka."

Mtu mmoja upande wa wenyeji alicheka, akanyamazishwa.

"Karatasi?" aliuliza Kinyozi.

"Haraka!"

"Karatasi, mama."

"Maji ya moto! Haraka!" Hakujua kwa nini alisema maji ya moto. Alisema kwa sababu alikuwa nayo. Aliingiza mkono kwenye fremu, akamshika Kinyozi kola, na Kinyozi hapohapo akapiga mluzi wa kuita mlinzi. Na fundi baiskeli mmoja, jitu la mtu, aliyekuwa akiigiza mlinzi, akamshika Bi Shoka mabega kwa nyuma na kumrudisha hatua kwa hatua mpaka kwenye benchi, akamkalisha. Hakumsukuma. Alimkalisha tu, kama unavyokalisha kapu.

Na Bi Shoka akakaa.

Alikaa karibu na msusi anayeugulia. Alikuwa anahema. Alijua ni mchezo, alijua fundi baiskeli ni yule aliyemzibia pancha mwanawe Jumapili iliyopita, lakini alibaki amekaa. Ndipo akasikia kicheko kutoka mstari wa mwisho. Mkwewe alikuwa anacheka. Hakuwa amecheka tangu msiba, na hiki hakikuwa kicheko cha raha. Kilikuwa kikavu, kinakatikakatika, na hakikuficha kitu. Aliyemcheka alikuwa yeye.

Kabla mtu hajajua la kufanya, kiti kikakwaruza sakafu mbele. Mwanamke mmoja wa sare alikuwa amesimama. Alikuwa nadhifu, wa makamo, nywele zimebanwa, na mashavu yamemwiva kwa hasira. Aliongea haraka kwa lugha ya wenyeji, na Mtafiti akatafsiri.

"Anasema yeye ndiye karani wa dirisha lile. Anasema huu ni uongo na matusi. Hajawahi kumfokea mgonjwa. Hajawahi kumwitia mgonjwa mlinzi. Anasema kama mnataka kujua kazi yake, yeye ataionyesha. Anasema... Simama."

Kinyozi akaondoka kitini bila mzaha wowote. Karani alikaa nyuma ya fremu, akaivuta sketi yake ikae sawa. Akamwashiria Bi Shoka kwa adabu: karibu.

Bi Shoka akasimama, akalisogelea dirisha. Wakatazamana, wanawake wawili wa umri mmoja.

"Damu," alisema Bi Shoka. Neno hili la wenyeji Mtafiti alikuwa amelitaja katika kutafsiri tangu Bi Shoka aingie, naye alikuwa amelidaka.

"Pole sana, mama," alisema karani. Sauti yake ilikuwa laini kweli, wala haikuwa ya kuigiza. "Una karatasi ya uhamisho? Hapana? Bila karatasi siwezi kufungua faili, mashine inakataa. Tafadhali kaa kwenye benchi. Utaitwa."

"Damu."

"Ndiyo, mama. Nimekuelewa. Kaa kidogo. Utaitwa."

"Damu!"

"Utaitwa," alisema karani, na akatabasamu.

 Karani alingoja. Bi Shoka alisimama. Msusi alisahau kuugulia. Kile kimya kilirefuka, na hakuna mtu hata mmoja ukumbini, mwenyeji wala mgeni, aliyesema "Simama." Nadhani karani mwenyewe alikuwa wa mwisho kukisikia. Tabasamu lilikaa usoni, halafu likawa halina pa kukaa.

"Ndivyo ulivyoniambia," sauti ikatoka mstari wa mwisho, kwa lugha ya wenyeji iliyonyooka. Mkwe alikuwa amesimama, na Mtafiti akawa anawatafsiria wakimbizi. "Nilikwambia kwa lugha yako. Nilikwambia mara tatu, kwamba natokwa na damu, kwamba mtoto amekwisha kuacha kucheza. Ukanijibu kwa upole hivyohivyo. Niliwaambia hawa waigizaji kwamba ulikuwa mpole, wakasema upole hauchekeshi."

Karani alimtazama. "Mimi sikukumbuki," alisema.

"Mimi nakukumbuka."

Karani akaokota mkoba wake, akatoka, na wenzake wa sare wakamfuata kwa mstari, mmoja wao akisema kwa nguvu kwamba walialikwa kutazama mchezo, hawakualikwa kushtakiwa. Mlango ulipojibamiza, ukumbi wote ukaanza kusema kwa pamoja. Wenyeji wawili watatu walikuwa wakiwafokea wakimbizi kwamba hawana shukrani. Wakimbizi walikuwa wakiwarudishia. Kiti kikarushwa. Fundi baiskeli sasa akawa mlinzi wa kweli.

Mtafiti alikuja mbio kwa Bi Shoka, macho yanang'aa, kinasa sauti kifuani. "Mama, umefanya jambo kubwa. Hili ndilo nililokuwa nalitafuta mwaka mzima. Hakuna dodoso ambalo lingenipa hili."

Bi Shoka alimtazama kama mtu anavyotazama nzi aliyetua kwenye kidonda.

"Wewe unavuna," alisema. "Sisi ni shamba. Umewahi kuliuliza shamba linasikiaje jembe? Kifute hicho. Yote. Jina langu, sauti yangu, msiba wangu, visionekane kwenye kitabu chako."

Nuru ikamtoka yule binti usoni. "Ni haki yako, mama," alisema. "Yako nitaifuta. Lakini habari yenyewe si yako peke yako."

"Ni yangu," alisema mkwe. Alikuwa amefika na kusimama nyuma yao. "Mtoto alikuwa tumboni mwangu. Aandike."

"Mambo ya nyumbani hayatolewi nje!" Bi Shoka alimgeukia. "Sawa, umemshtaki karani. Mimi nilikufanyia nini mpaka Kinyozi anivae? Na mbona mimi na yule mwanamke tunaigizwa na mtu mmoja?"

"Kwangu mlikuwa mmoja," mkwe alisema.

Bi Shoka aligeuka akaitazama ile fremu ya kabati.

"Na ya nyumbani yalitoka siku uliyonisema mbele ya majirani, maziwa yananitoka na hakuna wa kunyonya," aliendelea mkwe. Hakuinua sauti. "Nilisema, dirishani pale. Nilisema mpaka nikachoka. Lakini hukuniuliza nilisema nini. Uliuliza tu kwa nini nilikaa. Nililala upande huu wa pazia na wewe upande ule, miezi yote hiyo, na hukuniuliza." Akamgeukia Mtafiti. "Andika ya hospitali, na ya nyumbani uandike. Ukiacha moja, sitakupa hata moja. Na ukimaliza, uniletee nisome kabla hujampa mtu. Ukikosa kuniletea, nitakufuata huko chuoni kwako na nitasema 'Simama' mbele ya walimu wako."

Mtafiti akaitikia kwa kichwa. Kwa mara ya kwanza alionekana anaogopa mtu, na aliyemwogopa hakuwa Bi Shoka.

Walirudi nyumbani kila mmoja upande wake wa barabara. Mwanawe alikuwa amefika, anaosha lami miguuni kwenye beseni. Aliwatazama usoni, akaona mvua inakuja, akataka kujifuta atoke.

"Kaa," mama yake akamwambia. Neno lenyewe lilimchoma alipolitamka. "Kaa nikwambie kitu. Mkeo hakunyamaza siku ile. Alisema. Alisema kwa lugha yao, mara tatu, hawakumsikiliza. Mimi nimesimama pale leo nikashindwa kusema hata kwamba ni mkwe wangu. Basi yale niliyokuwa nikiyasema humu ndani, sikuwa nayajua."

Kijana alibaki na mguu mmoja ndani ya beseni. Alimtazama mkewe. "Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza lini?" mkewe alijibu. Halafu akamwambia Bi Shoka, si pazia, moja kwa moja machoni: "Umechelewa."

"Najua nimechelewa," alisema Bi Shoka. Na kwa vile alikuwa vile alivyo, akaongeza, "Lakini ungenivuta pembeni ukaniambia, si kunipeleka kwa Kinyozi."

"Pembeni usingesikia."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Mkwe akapakua chakula.

Hospitali ilimwandikia mkuu wa chuo kulalamika, na kundi la maigizo likanyimwa ule ukumbi wa nyuma ya soko. Wakahamia kwenye ua wa gereji moja, na watu wakaongezeka badala ya kupungua, wengine wakija kwa kutafuta shari tu. Karani hakuondolewa dirishani. Inasemekana siku hizi akimwona mwanamke mwenye mimba yeye huinuka kitini kabla hajamwuliza karatasi, lakini inasemekana pia kwamba hataki mkimbizi yeyote amsogelee, amewaachia wenzake. Yote mawili yanaweza kuwa kweli. Mkwe aliendelea na kundi. Alipoletewa yale yaliyoandikwa, alikaa nayo wiki nzima, akayarudisha yamejaa mistari myekundu, na Mtafiti akayaandika upya.

Mwisho wa mwaka mwana na mkewe walihamia chumba chao, mtaa wa pili. Bi Shoka aliambiwa siku mbili kabla. Hakulia, wala hakusema "ningekuwa mimi." Alibeba ncha moja ya godoro, mkwe akabeba ncha ya pili, na njia nzima waligombana nani anakwenda haraka mno.

Alingoja mwaliko, haukuja. Mwezi ulipokwisha, akaona aibu ni nguo tu, huvuliwa. Akaenda bila kuitwa. Alisimama nje ya mlango, akapiga hodi kama mgeni.

Mkwe alifungua. Alimtazama juu mpaka chini, akatazama koridoni kama kuna majirani, halafu akaingia ndani na kurudi na kiti. Akakiweka mlangoni, nusu ndani na nusu nje.

"Kaa, mama," alisema.

Chai hakumpa. Bi Shoka akakaa.